Picha za Safari na Rangi za Kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sikupata kudhani hata siku moja kwamba methali hiyo ingekuja kunifaa katika mambo ya picha, lakini ndivyo ilivyotukia hivi karibuni. Na kwa kuwa ukurasa huu ni wa utamaduni, na rangi ni katika utamaduni wetu, nawaomba wasomaji wangu mnisikilize leo, hata kama jambo lenyewe laonekana kuwa la vijana.

Nina mpwa wangu mwenye umri wa miaka 27. Kazi yake ni kupiga picha. Arusi zikitokea hupiga za arusi, maana ndizo zimpazo riziki, lakini moyo wake uko kwenye picha za safari: miji, bandari, vichochoro, watu na kazi zao. Basi alikwenda Lamu akakaa siku 10, akarudi Mombasa na picha zisizohesabika. Usiku mmoja baada ya Isha akaja nyumbani na kompyuta yake kwapani. "Shikamoo, mjomba." Nikamwitikia. Akaenda kumbusu mkono nyanya yake, yaani mamangu mzazi, ambaye alhamdulillahi yu hai na miaka yake 80 na kitu, kisha akaketi kati yetu kutuonyesha.

Picha zilikuwa nzuri. Hilo nalisema mapema nisije nikadhaniwa nina kinyongo na kazi ya kijana. Ana jicho, na ajua kungoja. Tukawa twazipitia moja moja, nami nikiridhika, hata tukafika kwenye picha ya bibi mmoja aliyekaa barazani penye daka la nyumba yake, kajitanda kisutu, nyuma yake ukuta wa mawe na chokaa, na mwisho wa kichochoro kipande cha bahari. (Ilipigwa kwa idhini ya bibi mwenyewe na ya mwanawe. Hilo nilimwuliza kabla ya lolote jingine, kwani wako wapitishao kamera milangoni mwa watu kama wapitishao tochi.)

Mamangu akavaa miwani yake, akaisogelea ile picha.

"Huyu kajitanda nini?"

"Kisutu, nyanya."

"Kisutu gani? Kisutu ni chekundu. Hiki kimekuwa ganda la chungwa." Akatizama tena. "Na ukuta huu je, una homa ya manjano? Na bahari hii ni ya wapi? Ni ya kusi au ya kaskazi?"

Mpwa wangu akacheka. "Ni Lamu, nyanya. Hii ndiyo rangi ya sinema."

"Mimi sikuuliza sinema," akasema mamangu, akavua miwani.

Kwa asiyejua mambo haya nitayaeleza kwa ufupi. Siku hizi picha ikishapigwa haiendi kwenye chumba cha giza, bali yaingia katika kompyuta au simu. Mle mna programu za kugeuza rangi. Waweza kuupeleka wekundu upande wa chungwa, ukauvuta ukijani upande wa buluu, ukaupausha weusi, ukautia weupe umanjano. Mtu akishapata mchanganyiko aupendao huuweka akiba, akawa autia katika picha yoyote kwa mguso mmoja wa kidole. Mchanganyiko huo wenyewe huuita priseti. Mpwa wangu huuita mapishi, na ni jina zuri, kwani huuzwa na kununuliwa kama masala ya pakiti. Naye alikuwa amenunua pakiti yake kwa mtu wa ng'ambo ambaye, kwa kadiri ajuavyo, hajatia mguu Lamu.

Mapishi yanayopendwa kupita yote ni yale ya chungwa na ile rangi ya maji ambayo si buluu wala si kijani. Yametoka Hollywood, na yana sababu yake. Rangi hizo mbili hukabiliana katika duara la rangi, na ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, iko upande wa chungwa. Kwa hiyo ukiupeleka uvuli wote upande wa ile rangi ya maji, uso wa mtu hujitokeza wenyewe, jicho likaukimbilia. Ni hila nzuri kwa sinema ya bunduki na magari. Lakini angalieni gharama yake: wekundu waenda kwenye chungwa, manjano nayo yaenda huko huko, kijani chaenda majini, buluu yakifuata. Rangi sita zimefanywa mbili. Hebu mtu apite Biashara Street, pale Mombasa, asimame mbele ya duka la kanga, kisha ajaribu kufikiri duka lile zima likiwa na rangi mbili tu.

Na kisutu, kwa wale waliozaliwa juzi, si nguo nyekundu ya bahati nasibu. Ni katika kanga za kale kabisa, ya wekundu na weusi na weupe, na ndiyo kanga ya arusi. Mwanamke akikiona kisutu ajua kinasema nini. Ukikigeuza kuwa cha chungwa umekitoa ulimi. Anayetizama picha kule mbali ataona nguo ya kupendeza tu, wala hatajua kwamba kuna neno limefutwa.

Nilipomwambia mpwa wangu hayo, alinijibu jibu ambalo lilininyamazisha kidogo, na ni haki nilieleze. Alisema: "Mjomba, hata filamu zenu za zamani zilikuwa na rangi zake. Hapana picha isiyo na mapishi."

Amesema kweli. Kodachrome, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, ilikuwa na wekundu wake mzito na vivuli vyake vyeusi, na kwa miaka mingi wasomaji wa jarida la National Geographic waliuona ulimwengu kwa rangi za Kodachrome wakadhani ndizo rangi za ulimwengu. Yule msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani aliyepigwa na Steve McCurry mwaka 1984, akatokea jaladani mwezi wa Juni 1985, alikuwa ndani ya Kodachrome. Filamu ile iliachwa kutengenezwa mwaka 2009, na duka la mwisho duniani la kuisafisha, katika mji mdogo wa Parsons, jimbo la Kansas huko Marekani, liliacha kuipokea mwisho wa mwaka 2010. Kwa upande wa Wajapani, Fuji walitoa Velvia mwaka 1990, filamu ya wapenda milima na misitu, yenye kijani cha kumeta, lakini ukimpiga nayo mtu uso wake hugeuka kama aliyechomwa na jua. Na mwaka 1998 Kodak wakatoa Portra, ambayo jina lake lenyewe lasema kwamba ilikusudiwa sura za watu, nayo ni laini, haikaripii mtu. Hata kamera za leo za Fuji huja na mapishi hayo ndani yake: Velvia imo, na mwaka 2014 wakaongeza moja waiitayo Classic Chrome, ambayo wengi husema yawakumbusha Kodachrome.

Kwa hiyo sisemi kwamba kugeuza rangi ni uongo, hasha. Kamera yenyewe imekwisha kuchagua kabla ya wewe kuchagua. Hata jicho langu na lako huenda hayaoni wekundu mmoja. Lakini mpiga picha wa zamani alichagua filamu yake kabla hajatoka nyumbani, akaijua tabia yake kama mtu amjuavyo punda wake, kisha akatafuta mwangaza uifaao. Huyu wa leo apiga kwanza, kisha akiwa kitandani achagua Lamu iwe na rangi ya Mexico.

Nimesema Mexico kwa makusudi. Mwaka 2000 zilitoka filamu mbili Marekani zilizobadilisha mambo haya. Moja ni O Brother, Where Art Thou? ya ndugu wawili Coen. Ilipigwa Mississippi wakati wa kiangazi, majani yakiwa mabichi kabisa, ilhali hadithi yataka vumbi na ukavu wa miaka ya 1930. Mpiga picha wao, Roger Deakins, akaipitisha filamu yote katika kompyuta akaukausha ukijani wote ukawa manjano. Walitaka ifanane na picha kuukuu zilizopakwa rangi kwa mkono. Ilikuwa katika filamu za mwanzo kufanyiwa hivyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kazi yake ni ya kusifiwa, kwa kuwa ile rangi ilitoka ndani ya hadithi.

Ya pili ni Traffic, ya Steven Soderbergh, isimuliayo biashara ya madawa ya kulevya. Humo kila tukiwa Mexico ulimwengu ni wa manjano na vumbi, na kila tukirudi kwa wakubwa wa Ohio na Washington ulimwengu ni wa buluu, baridi na safi. Katika filamu moja ilisaidia mtazamaji asipotee. Balaa ni kwamba wengine wakaigeuza kanuni: nchi ya maskini ipakwe manjano. Mwaka 2020 ikatoka Extraction, hadithi ya mji wa Dhaka huko Bangladesh, na Dhaka nzima, nchi ya mito na mvua na mashamba ya mpunga, ikatiwa umanjano kama iliyochovywa katika mchuzi. Watu wengi walilalamika, na walikuwa na haki.

Chuoni tulipokuwa twasoma Suratul Baqara, maalimu wetu alikuwa akipenda kutusimulia kisa cha Bani Israili walipoamrishwa kuchinja ng'ombe. Wakauliza yukoje, wakauliza rangi yake, wakajibiwa kwamba ni wa manjano, umanjano uliokolea, wa kufurahisha watazamao. Maalimu alitaka tujifunze ubaya wa maswali mengi. Mimi siku hizi nakikumbuka kisa kile kwa sababu nyingine: rangi ilitajwa ili ng'ombe mmoja ajulikane kati ya wengi. Basi fikirini lau ng'ombe wote wa mji ule, na mazizi, na vumbi, na watu wenyewe, wangekuwa wamekwisha kutiwa umanjano mmoja. Wangemchinja yupi?

Hapa nataka kukaa kidogo juu ya ngozi, kwani jambo hili lilinifika mwenyewe. Katika miaka ya 1990, nikiwa kijana katika kazi hii ya magazeti, nilitumwa kwenye Maulidi ya Lamu nikiwa na kamera ya kuazima na mikanda mitatu ya filamu ya rangi. Nilipiga kwa furaha: safu za vijana wa kanzu nyeupe, matari, wazee wa Riyadha. Niliporudi nikapeleka mikanda yangu kwenye duka moja la kusafisha picha, jina lake nalisitiri. Picha zikatoka na kanzu nyeupe pe, hazina hata mkunjo, na juu ya kila kanzu kipande cha makaa chenye meno. Nyuso hazikuwamo. Mzee mmoja niliyempelekea nakala yake aliitizama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu ni mimi au ni kivuli changu?" Nilijilaumu mwenyewe miaka mingi kwamba sikujua kazi.

Kosa langu lilikuwepo, sikatai, lakini baadaye nilikuja kujua kwamba halikuwa langu peke yangu. Tangu miaka ya 1950 Kodak walikuwa wakipelekea maduka ya kusafisha picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, na wenye kazi waliziita kadi hizo Shirley. Mashine ilirekebishwa mpaka ngozi ya Shirley ikatoka vizuri, basi ikahesabiwa kwamba rangi ni sawa. Ngozi nyeusi ikajitafutia mwenyewe. Na kilichowafanya wakubwa waanze kuziboresha filamu zao katika rangi za kahawia si malalamiko ya watu weusi. Waliolalamika ni watengenezaji wa fanicha na wa chokoleti, kwamba mbao zao na peremende zao hazitofautiani katika matangazo. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali hazikuja mpaka miaka ya 1990. Naeleza haya ili vijana wetu wajue kwamba mapishi ya kununua hupimwa juu ya ngozi ya mtu fulani, mahali fulani, na mwuzaji hana lazima ya kukwambia ni nani. Ukiona bibi wa Lamu katoka na uso wa shaba iliyosuguliwa, jua kadi ya Shirley bado yafanya kazi, ila imebadili jina.

Na weusi nao una haki yake. Kuna mapishi yanayoitwa ya filamu kuukuu, yanayoupausha weusi wote ili picha ionekane imekaa sandukuni miaka 40. Katika mji mwingine huenda hayana dhara. Lakini kwetu yakutana na buibui. Buibui ni jeusi, na uzuri wake ni kule kuwa jeusi, katika kichochoro chenye kuta nyeupe. Ukilipausha likawa kijivu cha majivu umemvika mwanamke wa watu nguo mbovu, iliyofuliwa ikachoka, naye alitoka nyumbani kwake nadhifu. Kadhalika kanzu ya Ijumaa ikitiwa umanjano huwa kama iliyofuliwa kwa maji ya mto. Mwenye nguo akiona atajisikiaje?

Nami mtu wa mashairi siwezi kupita bila kusema neno juu ya lugha. Kiswahili kina maneno matatu tu ya rangi yanayosimama yenyewe: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Angalieni jinsi yalivyo ndiyo yale matatu ya kisutu. Zilizobaki zote tumezitoa katika vitu. Manjano tumeyatoa jikoni, kijani tumekitoa mtini, kahawia yatoka kwenye buni, kijivu jivuni, zambarau kwenye tunda lake, samawati ni mbingu zenyewe kwa Kiarabu, na ule wekundu mzito tunauita damu ya mzee. Mswahili akitaja rangi ametaja kitu alichokigusa. Ile rangi ya maji ya sinema haina jina kwetu, na mpwa wangu huitaja kwa jina la Kizungu. Si kosa, majina huzaliwa. Ila yaonyesha kwamba haikutoka pwani hii.

Lakini je, tumewahi kuzijua rangi za pwani hii kwa picha? Miaka ya 1900 na kitu, wapiga picha Wagoa kama A. C. Gomes wa Unguja na ndugu wa Coutinho walipiga miji yetu kwa picha nyeusi na nyeupe, na nyingi zikawa kadi za posta. Kadi za rangi za zama zile aghalabu zilichapwa Ulaya, hasa Ujerumani, na aliyetia rangi alikuwa fundi wa kule, akibahatisha. Huenda mlango ulikuwa wa kahawia yeye akautia kijani. Nguo ilikuwa nyeupe akaitia waridi. Leo fundi anayetaka kuitengeneza nyumba ya kale ya Lamu na kujua kuta zake zilikuwaje, kadi zile hazimfai. Yule fundi wa Ulaya twaweza kumsamehe, hakuwahi kupaona. Sisi tuna kamera zinazoweza kuhifadhi wekundu wa kisutu sawasawa na ulivyo, tuko hapa hapa, tumepaona, kisha twabahatisha kwa hiari yetu. Mji wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Watakaokuja baada ya miaka 60 kutafuta ulivyokuwa watazikuta picha za vijana hawa, maana ndizo zilizotapakaa, wataamini kwamba chokaa yetu ilikuwa ya manjano.

Jambo hili ndilo linaloniuma, kuliko sinema zote.

Na sasa nirudi kwa mpwa wangu, kwani baada ya mamangu kwenda kulala tulikaa mpaka usiku mkubwa. Alinieleza shida yake. Picha bila mapishi, alisema, haitizamwi. Mtu ana simu mkononi, picha zampita kama magari, isiyopiga kelele haimsimamishi. Na wenye hoteli, ambao ndio wanunuzi, humpelekea picha za Morocco au za visiwa vya Ugiriki wakamwambia: tutilie rangi kama hizi. Akikataa watamwita mwingine. Mimi nina mshahara wa gazeti na yeye hana, kwa hiyo sikumwambia akatae. Nilimwambia aweke mbili: moja aliyoagizwa, na moja ya asili isiyoguswa, pamoja na tarehe na mahali, akiihifadhi kama hati ya nyumba. Hilo halimpunguzii shilingi.

Kisha nikamwomba anifungulie ile picha kama ilivyotoka kwenye kamera. Ilikuwa baridi kidogo, kuta zikielekea ubuluu, na hiyo ni kawaida: uvulini mwangaza watoka mbinguni wala si kwenye jua, basi huwa na ubuluu ambao jicho huusamehe na kamera haiusamehi. Tukaanza hapo. Akaurekebisha weupe kwa kipande cha kadi ya kijivu alichokuwa amekipiga mahali pale pale (hiyo ni kazi ya sekunde mbili, na sioni kwa nini wengi wanaiona nzito). Mara ukuta ukarudi kuwa chokaa: si nyeupe ya karatasi, bali ile nyeupe iliyokula chumvi, yenye michirizi myeusi ya masika, na chini, palipobanduka, mawe ya matumbawe yaonekana. Mapishi yake ya manjano yalikuwa yameifuta michirizi yote ile.

Baada ya hapo nilishangaa, kwani hakuyatupa mapishi ya filamu. Alichukua moja laini, la jamii ya Portra, akalitia nusu ya nguvu yake. Alinionyesha faida ambayo sikuijua: kamera za leo huuchoma weupe upesi, ukatoweka, ilhali filamu zile za zamani ziliupokea weupe taratibu, na mapishi mazuri huiga tabia hiyo. Nyuma ya bibi palikuwa na mtoto wa kanzu apitaye. Katika picha ya kwanza kanzu yake ilikuwa doa tupu, na sasa ikapata mikunjo. Nikakumbuka mikanda yangu mitatu ya Maulidi. Kisha akaitenga ngozi ya bibi, mapishi yasiiguse, akautenga na wekundu wa kisutu. Weusi akauacha chini kabisa. Nikamwambia, pimia buibui kila mara: likiwa jeusi, uko salama.

Tulibishana juu ya bahari. Yeye aliona imekuwa ya kijivu mno, kama majivu yaliyotiwa maji, na kwamba mgeni hataipenda. Mimi nikasema ikiwa ilikuwa hivyo na iwe hivyo. Yeye akasema, "Lakini mjomba, nawe katika mashairi hujitilia chumvi." Hapo alinipata, nikacheka. Tukakubaliana aiongeze mwangaza tu, rangi asiiguse, kisha alale, aitizame asubuhi. Maana jicho lina ada ya kuizoea rangi. Ukikaa nayo usiku kucha utaona sawa hata iwe imeharibika, kama mpishi aliyeonja chumvi mpaka ulimi ukafa.

Siku ya pili aliileta ikiwa imechapwa kwenye karatasi, ukubwa wa sahani. Hakusema kitu, aliiweka tu mbele ya nyanya yake aliyekuwa akichambua mchele. Mamangu akajifuta mikono, akatafuta miwani, akaishika karibu na dirisha. Juu ya kisutu hakusema neno, wala juu ya ukuta. Alikitizama kile kipande cha bahari mwisho wa kichochoro.

"Hii ni kusi," akasema. "Bahari imechafuka. Siku hiyo huyu bibi hakupata samaki."

Mpwa wangu akaitafuta tarehe ya ile picha katika simu yake. Ilikuwa mwezi wa Julai.